Sketi Sitini za Kwaresima

Jumapili, 23 Februari

Mchungaji ametuambia kwamba Kwaresima hii kila anayejua kuandika achukue daftari na ajichunguze. Alisema hivyo, akapanda gari kwenda kwenye makanisa yake mengine, na hatutamwona mpaka Pasaka. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, lililojaa nusu, nikaligeuza. Naanzia nyuma.

Mimi ni Verediana, mjane, fundi cherehani hapa Gehandu. Watu wananiita Mama Severine. Nina miaka hamsini na minne. Tangu nilipopata kipaimara sijavaa nguo inayoonyesha goti, na hakuna aliyenilazimisha. Asubuhi ninapofunga kitambaa kichwani na kuteremsha gauni langu, najisikia kama mtu ambaye ameshaanza kusali. Naandika hili kwanza, ili lisije likasahaulika.

Mvua imekatika tangu Januari. Mahindi yamekunja majani.

Jumatano, 26 Februari

Mwinjilisti Theodory amekuja kibandani kabla sijamaliza kufungua dirisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu ukae."

Alikaa kwenye benchi la wateja, akatazama kwanza upande wa mlima. Ndivyo alivyo. Alikuja kwetu mwaka jana kutoka upande wa Katesh. Tope lilipoteremka mlimani mwaka juzi liliwachukua mke wake na binti yake, akabaki na koti alilokuwa amevaa. Mtu wa namna hiyo akisema, unasikiliza.

Amesema Kwaresima hii wanawake wote wa kanisa letu watavaa vazi moja. Sketi ndefu, iliyonyooka, bluu iliyokolea, mpaka kwenye kifundo cha mguu. Bila marinda, kwa sababu marinda yanacheza mtu akitembea, na kinachocheza kinaita macho. Bila mpasuo, kwa sababu mpasuo ni dirisha.

"Mlima ulituonya mara moja, mama," alisema. "Mara ya pili hautaonya."

Nilifurahi. Nimeomba kitu kama hiki miaka mingi, nikiona mabinti wanavyokuja ibadani. Nikamwambia nitazishona zote, iwe sadaka yangu.

Ijumaa, 28 Februari

Nimekwenda Katesh kuchukua kitambaa kwa Raya. Kanisa limeagiza majora mawili ya kaki nzito. Raya ni Mwislamu, baba yake alikuja kufanya biashara hapa zamani, na nimekuwa mteja wake tangu akiwa msichana.

"Sketi sitini kwa majora mawili?" aliuliza. "Ndefu mpaka chini? Mama, zitabana."

"Zitakuwa za heshima," nikamwambia.

"Langu hili linafika chini pia," alisema, akavuta baibui lake pembeni nione upana wake. "Lakini mbuzi akiingia dukani namfukuza nalo. Kaki haivutiki, mama. Ongeza hata nusu jora."

Nilikasirika kimoyomoyo kufundishwa kujisitiri na mtu asiye wa kanisa letu. Sikuongeza.

Jumapili, 2 Machi

Mkwe wangu Judica amekuja ibadani na gauni, kama kawaida yake ya Jumapili. Siku nyingine zote ni suruali na buti za mpira. Ni afisa mifugo wa kata yetu. Anapanda pikipiki, anakwenda kwenye maboma ya Wadatoga kuchanja ng'ombe, mara nyingine mpaka jua linazama. Severine, mwanangu na mume wake, anafanya kazi Dongobesh na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo tunakaa wawili tu, mimi na mkwe.

Leo nimemwambia, "Mwanangu, angalau Kwaresima hii."

"Mama, nitamkamataje ndama na sketi?"

Alinijibu kwa upole. Mimi sikuipenda ile sauti ya upole.

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima wanawake kumi na wanne. Nimekata kitambaa. Raya alisema kweli, hakitoshi. Nimepunguza upana wa chini wa kila sketi inchi mbili, kisha nyingine mbili. Yangu sitashona, gauni langu linafika chini tayari.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua imeanza tukiwa kanisani, kubwa, ghafla, mpaka sauti ya mwinjilisti ikamezwa na bati. Aliacha kusoma, akanyoosha mkono juu. Watu wote walielewa. Wanawake wa kwanza wamevaa sketi na mvua imekuja.

Nililia. Nilidhani Mungu amepokea kazi yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Scolastica amekuja kuchukua sketi yake. Ni binti wa rafiki yangu Paskalina, wa ng'ambo ya korongo. Amemaliza kidato cha nne mwaka juzi, na sasa ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye kwaya. Ni mrefu, miguu ya kukimbilia. Aliivaa akajaribu kutembea ndani ya kibanda.

"Mama Severine," alisema, "nimekuwa kuku aliyefungwa miguu kupelekwa mnadani."

Tulicheka wote wawili. Kisha akasema, "Niachie mpasuo nyuma, hata kiganja kimoja. Nitavukaje korongo?"

Fundi yeyote anajua kwamba sketi iliyonyooka ikipita chini ya goti lazima uiachie mpasuo au marinda, la sivyo hatua inakufa. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza nilipokaa kwenye cherehani. Nikamwambia, "Utavuka polepole."

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Baada ya ibada mwinjilisti amesoma majina ya wanawake ambao bado wana suruali na nguo za kubana majumbani. Majina kumi na moja. La mwisho lilikuwa la Judica. Hakuinua sauti. Alisoma kama mtu anayesoma majina ya wagonjwa wa kuombewa.

Mchana wanawake wanane wameleta nguo zao, wakazichoma nyuma ya kanisa. Nguo zilikuwa na unyevu, zikatoa moshi mwingi mweusi ambao haukupanda. Ulitambaa chini mpaka kwenye makaburi.

Judica hakuleta kitu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mlima hauonekani. Watu wanaokwenda kisimani wanasimama na kutazama upande ule, ingawa hakuna cha kuona.

Jumapili, 16 Machi

Mwinjilisti ameniomba nisimame mlangoni kila Jumapili na futi yangu ya kupimia. Nipime urefu wa sketi na kuangalia kama kuna aliyefumua mshono. Amesema kazi hiyo inataka mtu mzima mwenye macho ya fundi.

Nimekubali, na nitaandika ukweli kwa sababu daftari hili ni la kujichunguza. Nilijiona mkubwa. Wanawake walisimama mstari mbele yangu, nikapiga goti mbele ya kila mmoja, na kila mmoja alinyamaza mpaka nilipomaliza.

Kitu kingine. Mwinjilisti ana miaka kama arobaini. Siku zote ananiamkia. Leo alipita akatazama mbele, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Shikamoo, Mwinjilisti." Akaitikia.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua usiku na mchana. Korongo linasikika mpaka hapa kibandani, kama lori linalopanda mlima bila kufika.

Jumapili, 23 Machi

Nimemkamata Scolastica mlangoni. Alikuwa amefumua mshono wa nyuma kwa wembe, kiasi cha kiganja na nusu, na kukunja pindo vizuri kabisa, kazi safi. Kama nisingekuwa fundi nisingeona.

"Mama, tafadhali," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye yale mawe siwezi. Jana nilikaa chini nikavuka kwa makalio kama mtoto."

Watu walikuwa nyuma yake. Mwinjilisti alikuwa ndani, anatazama mlangoni. Nikamvuta Scolastica pembeni, nyuma ya tangi la maji, nikatoa sindano kwenye kola ya gauni langu. Nikaushona mpasuo akiwa ameivaa, kwa mkono, uzi mara mbili ili asije akaufumua tena. Alisimama ameshika ukuta. Nilipokata uzi kwa meno alisema, "Asante mama," kwa sababu ana adabu, akaingia kuimba.

Aliimba vizuri leo.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi Judica amekuta matairi yote mawili ya pikipiki yamechanwa. Aliniita nione. Yalikuwa yamechanwa kwa kisu, mstari ulionyooka.

"Labda ni miiba," nikasema.

Alinitazama. "Mama, wewe unakata vitambaa kila siku."

Ni kweli. Najua kitu kilichokatwa kwa makusudi kinavyoonekana. Nikaingia ndani kuchemsha chai. Alikwenda kwa miguu kwenye maboma, kwenye matope, na chupa za chanjo mgongoni.

Jumamosi, 29 Machi

Severine amekuja. Alitaka kwenda kwa mwinjilisti. Judica amemkataza. Wameongea ndani kwa muda mrefu, kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, na waliponisikia wakanyamaza. Nimekaa nyumbani kwangu kama mgeni. Mvua.

Jumapili, 30 Machi

Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu ameanguka kwenye ngazi za kanisa. Alinyanyua mguu kwenda ngazi ya pili, mguu haukufika. Amevunjika kifundo cha mkono. Mwinjilisti alimwombea pale pale, akisema shetani anachukia vazi lile.

Nilikuwa nimeshika futi. Sketi ya yule bibi ni kati ya zile za mwisho, kitambaa kilipokuwa kinaisha. Naukumbuka upana wake. Sikusema.

Alhamisi, 3 Aprili

Paskalina amekuja kukaa nami kibandani, tumechambua maharage ya mbegu. Anasema Scolastica amekuwa kimya nyumbani. Anasema mabinti wakifika korongoni wanapandisha sketi mpaka magotini ili wavuke, wakishavuka wanaziteremsha. Nikamwambia waendelee hivyo, Mungu anaelewa. Alionekana kupata nafuu.

Jumapili, 6 Aprili

Mtu amemweleza mwinjilisti habari za korongoni. Sijui nani. Amehubiri juu yake saa nzima. Amesema kuna wanawake wanaojisitiri mbele ya madhabahu na kujifunua mbele ya wachungaji wa ng'ombe. Amesema, "Hata kwenye maji. Hasa kwenye maji."

Kisha alisimulia kitu ambacho hajawahi kutusimulia. Asubuhi ile ya tope binti yake alikuwa ametoka nje na kaptura ya kulalia. Yeye alimwita arudi ndani avae vizuri. Hakumaliza kusimulia. Alisimama pale na mdomo wazi, na kanisa zima tulisubiri. Baadaye akasema, "Tuombe."

Nimefikiria hilo jioni yote. Nilidhani namfahamu mtu huyu kuwa ni mtakatifu. Leo nimeona ni mtu anayeogopa sana, na sisi wote tumeingia ndani ya hofu yake tukafunga mlango.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Maji ya korongo ni mekundu, yanabeba matawi.

Jumapili, 13 Aprili

Siku ya Matawi. Hakukuwa na matawi.

Naandika ya jana kama nilivyoyaona na nilivyoambiwa.

Jana saa tisa mchana kwaya ilikuwa na mazoezi ya mwisho. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi na jua lilitoka kidogo, kwa hiyo watu walitoka bila wasiwasi. Scolastica alikuja na mabinti wawili majirani zake, wadogo kwake kwa umri. Kwenye korongo kuna mawe saba ya kuvukia. Siku za kawaida maji hayafiki hata kwenye mawe. Jana yalikuwa yanapita juu ya mawe mawili ya katikati, na kati ya lile la nne na la tano ni hatua kamili ya mtu mzima.

Mwinjilisti alikuwa amesimama upande huu, juu ya ukingo. Alikuwa ametoka kuwapokea kwaya, kwa sababu alijua maji yameongezeka. Alikuwa na fimbo ndefu ya kuwashikisha. Naandika hilo pia, maana ni kweli.

Scolastica alitangulia, awaonyeshe wenzake. Mabinti wanasema alipofika jiwe la nne alipandisha sketi kidogo kwa mkono mmoja. Kisha akaiachia. Akarusha mguu. Mguu haukufunguka. Aliangukia ubavu, katikati ya mawe, na maji yakamchukua bila kelele.

Mimi nilisikia mayowe nikiwa kwenye cherehani. Nilikimbia. Gauni langu ni pana, nilikimbia vizuri. Nilipofika nilimkuta mwinjilisti yuko majini mpaka kifuani, amepoteza fimbo, anapiga maji kwa mikono miwili, hajui kuogelea. Wanaume wawili walimtoa kwa nguvu.

Chini ya korongo, upande wa maboma, Judica alikuwa na mfugaji mmoja anaitwa Gidahosh, wanachanja ndama. Walisikia. Waliingia majini wote wawili, na vijana wa Gidahosh wakashika kamba. Walimpata kwenye kona, kwenye miiba, hatua kama mia nne kutoka kwenye mawe. Judica ndiye aliyemfikia. Alimtoa, akamlaza, akampulizia pumzi mpaka Gidahosh alipomshika bega na kumwambia basi.

Paskalina alifika akiwa na unga mikononi. Hakulia. Alikaa chini akaanza kumfuta matope usoni kwa kanga yake. Kila alipofuta, unga ulibaki.

Scolastica alikuwa na miaka kumi na tisa.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi Judica amekuja kibandani. Mikono yake imejaa mikwaruzo ya miiba. Aliniamkia, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, nakwambia wewe peke yako. Nilipomshika alikuwa bado anapiga mikono. Mikono tu. Miguu ilikuwa imefungwa pamoja, kaki imelowa, imekaza kama gome. Nilitoa kisu cha kazi nikakata kwa nyuma nimfungue. Mshono wote ulikatika haraka, isipokuwa sehemu moja."

Nilijua atasema nini.

"Ule wa mkono," alisema. "Uzi mara mbili. Nilihangaika nao."

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Nilisema, "Ni mimi."

"Najua mama. Naujua mshono wako. Ulinishonea gauni la harusi."

Alikaa karibu yangu. Hatukugusana. Baada ya muda aliondoka kwenda kuchimba kaburi na wengine, kwa sababu hapa kwetu mwaka huu hata wanawake wanachimba, udongo ni mzito.

Jioni mzee wa kanisa, Mzee Tluway, amepita kwangu. Amesema wazee wameamua Judica asije mazishini kesho. Wanasema Scolastica aliondoka duniani akiwa safi, amevaa vazi la heshima, na kwamba hasira ya Mungu iliyomchukua iliitwa na suruali iliyokuwa imesimama upande wa chini wa korongo lile lile. Mwinjilisti hajasema hivyo mwenyewe, hajatoka nyumbani tangu juzi. Wazee ndio wamesema. Hofu yake sasa inatembea bila yeye.

"Wewe ni mama wa kanisa," Mzee Tluway aliniambia. "Zuia mkwe wako, yasije yakatokea mabaya zaidi."

Nikamjibu, "Nimesikia, mzee. Usiku mwema." Sikumwambia kwamba nimekubali.

Jumanne, 15 Aprili

Tumemzika.

Nilikwenda na Judica. Nilimshika mkono tangu nyumbani. Alivaa gauni lake la Jumapili na buti za mpira, kwa sababu ya matope. Vijana wanne walikuwa wamesimama kwenye njia ya kuingilia na fimbo. Mimi nilitangulia. Niliwaita kwa majina yao ya utotoni, wote wanne, nimewashonea sare za shule. Waliangalia chini, tukapita.

Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoisha. Mwinjilisti aliletwa akiwa ameshikwa. Alisoma maneno ya mazishi kwa sauti isiyosikika. Kisha Mzee Tluway akasimama kutoa neno la wazee, akaanza. Vazi jeupe la roho, vazi la bluu la mwili, na mwanamke mmoja ambaye hakutaka kutii. Watu walianza kugeuka kutuangalia. Nilisikia mkono wa Judica ukipoa ndani ya wangu.

Nikasimama. Mwanamke hasimami mzee anapozungumza, najua.

Nilisema, "Mzee, samahani. Mimi nina neno na haliwezi kungoja udongo urudi kaburini."

Nikawaeleza. Kwamba kitambaa hakikutosha na mimi nilijua. Kwamba Scolastica aliniomba mpasuo wa kiganja kimoja nikamnyima. Kwamba aliukata mwenyewe ili aweze kuvuka maji, nami nikamkuta mlangoni nikaushona nyuma ya tangi, uzi mara mbili. "Suruali ya mkwe wangu haikumuua huyu mtoto," nikasema. "Suruali ndiyo iliyomfikia. Sketi ilimfunga miguu, na sketi ile ni kazi ya mikono yangu hii."

Mzee Tluway akaniambia, "Kaa, mama. Huzuni imekuzidi."

"Ninayo huzuni," nikasema. "Lakini bado nimejifunika, mzee, na nitajifunika mpaka nife, kwa sababu nampenda Mungu. Sikuwaza kwamba tunaweza kulifanya pendo hilo liwe kamba." Kisha nikamgeukia mwinjilisti. Sikupanga kumuuliza. "Mabinti wanasema alipandisha sketi akaiachia. Wewe ulikuwa mbele yake. Kwa nini aliiachia?"

Maji yalikuwa yanatiririka usoni mwake, sijui yapi ya mvua.

"Nilimwambia ateremshe," alisema. "Aliponiangalia nilimwambia, teremsha."

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo uliochimbwa, kama mtoto. Watu wa karibu yake walisogea, wakamwacha peke yake. Paskalina alikuwa upande wa pili wa kaburi. Aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaniangalia tena mimi. Macho yale siwezi kuyaandika.

Baadaye vijana wakachukua makoleo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mchungaji amekuja. Amewasikiliza wazee, amewasikiliza mabinti wawili, amenisikiliza mimi. Mwinjilisti amesimamishwa kuhubiri. Mchungaji amesema kila mwanamke avae kwa heshima kama dhamiri yake inavyomwongoza, na hakuna atakayepimwa mlangoni tena.

Nimevaa gauni langu na kitambaa changu. Zaidi ya nusu ya wanawake wamekuja na zile sketi. Nusu yao hawakunisalimia.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemkuta Theodory njiani, anabeba kuni. Alisimama. "Shikamoo mama." Niliitikia. Sina neno la kumsaidia na sina la kumtupia. Anasema hawezi kurudi Katesh na hawezi kukaa hapa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imepungua. Matairi mapya yamefika, Severine ameyaleta. Judica ameondoka asubuhi na mapema kwenda maboma, na nimemfungia chakula.

Jumapili, 11 Mei

Paskalina hajakanyaga kwangu tangu mazishi. Ibadani anakaa benchi la mbele, mimi la nyuma. Bado anavaa sketi ya bluu kila siku, hata shambani. Watu wanasema amekuwa mgumu. Mimi nadhani hana nguvu ya kuchagua nguo.

Jumamosi, 17 Mei

Paskalina amekuja. Nilisikia hodi, nikainua kichwa, ni yeye, amesimama kwenye mwanga wa mlango.

"Karibu, Mama Scola," nikasema.

Hakukaa. Alisema, "Sijaja kukusamehe."

"Ndiyo."

"Sijui kama nitaweza. Naomba kila siku na bado sijui." Alishika sketi yake pembeni, kwenye mapaja. "Nimekuja unipe nafasi ya mguu. Maharage yameiva kwenye shamba la huku, na korongo bado lina maji. Nina wadogo zake wa kuwalisha."

Alijifunga kanga yake, akaivua sketi, akanipa mkononi. Ilikuwa na joto lake. Niliifumua pande zote mbili, kuanzia kwenye goti mpaka chini, nikaingiza vipande vipana vya kitambaa cheusi nilichokuwa nacho, kilicholegea, vinavyofunguka mtu akipiga hatua na kujifunga akisimama. Urefu sikuugusa. Hakuniomba, na mimi sikuuliza. Alisimama muda wote akitazama mikono yangu, na mimi sikuificha.

Aliivaa. Alikwenda mpaka barabarani, akarudi, akaenda tena, kama mtu anayejaribu viatu. Kisha hakurudi. Nilitoka nje nikamwona anateremka kuelekea korongoni, na nilisimama pale nikihesabu mawe moja moja mpaka alipovuka.